Helikopta ikianguka majini: Vifaa vinavyomwokoa rubani na somo kwa wanaoruka kutoka Kapseret

UWANJA wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret, ulioko Kapseret katika Kaunti ya Uasin Gishu, umejengwa zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tangu ulipofunguliwa mwaka wa 1997, wasafiri wanaoutumia wamezoea kuona mashamba ya mahindi na ngano kupitia dirishani, wala si mawimbi.

Kwa sababu hiyo, anayepanda helikopta huko huwaza ukungu, upepo na milima. Ni nadra kwake kuwaza maji.

Hata hivyo, ramani inasimulia mengine. Kutoka Kapseret hadi Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ni chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Ziwa Baringo liko mashariki, ng'ambo ya Bonde la Kerio, kwa umbali unaokaribia huo. Kaskazini, mbali zaidi, kuna Ziwa Turkana lenye upepo mkali unaojulikana kote nchini.

Helikopta nyingi husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ina maana kwamba rubani aliyeondoka Kapseret akiwa amevaa koti kwa sababu ya baridi ya asubuhi anaweza kujikuta juu ya ziwa kabla ya nusu saa kwisha.

Swali linalozuka ni hili: Injini ikizimika hapo, rubani na abiria wake wana kifaa gani cha kuwaokoa, na je, wanajua kukitumia?

Marubani wanaowasafirisha wafanyakazi wa visima vya mafuta katika Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza na Norway, wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 40. Majibu waliyoyapata yamegharimu maisha ya watu wengi. Baadhi ya vifaa vyao havifai kabisa katika maziwa ya Afrika Mashariki, ilhali vingine vinahitajika hapa sawa na huko.

Kwa nini helikopta hupinduka

Kabla ya kutaja mavazi, ni sharti ieleweke kwanza jinsi helikopta inavyotofautiana na ndege ya mabawa inapoanguka majini.

Katika helikopta, injini, giaboksi na mapanga huwa juu ya vichwa vya abiria. Sehemu ya chini, wanakoketi watu, ni nyepesi ikilinganishwa na uzito huo. Chombo hicho kikigusa maji, hasa penye mawimbi, juu huwa chini na chini huwa juu.

Ndiyo maana helikopta zinazofanya kazi baharini hufungwa maboya yanayojazwa gesi kwa sekunde chache. Maboya hayo yakifanya kazi na bahari ikiwa tulivu, watu hutoka wakiwa wakavu.

Mwaka wa 2012 helikopta 2 za aina ya Super Puma zililazimika kutua katika Bahari ya Kaskazini, moja mwezi Mei na nyingine mwezi Oktoba. Zote zilielea, na watu wote waliokuwamo waliokolewa.

Mambo huwa tofauti kabisa chombo kinapopinduka. Aliyefungwa mkanda hujikuta akining'inia kichwa chini, maji yakimwingia puani, gizani, bila kujua kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Mlango aliouona upande wake wa kulia bado uko kulia kwake, lakini akili humdanganya kwamba umehama.

Rubani ana mzigo wa ziada. Hadi dakika ya mwisho mikono yake huwa kwenye usukani, akijaribu kupunguza kishindo. Ni yeye anayepaswa kuwaonya abiria, kuhakikisha maboya yamejaa na kutuma ujumbe wa dharura. Wakati wengine wanajiandaa kwa kishindo, yeye angali kazini.

Baridi inavyoua

Watu wengi hudhani kwamba anayetumbukia katika maji baridi huganda polepole hadi kufa. Wataalamu wa fiziolojia wanaeleza kuwa wengi hufa mapema zaidi, kabla mwili haujapoa.

Hatua ya kwanza ni mshtuko wa baridi. Ngozi inapopoa ghafla, mtu huvuta pumzi kubwa bila hiari, kisha huhema kwa kasi asiyoweza kuizuia kwa dakika 2 au 3. Ikiwa kichwa kimo chini ya maji wakati huo, pumzi hiyo huingiza maji mapafuni. Aidha, moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda.

Hatua ya pili huanza dakika chache baadaye. Misuli na neva za mikono hupoa, vidole hukataa kutii, na hata mwogeleaji hodari hushindwa kupiga mbizi au kushika kamba.

Hatua ya tatu ndiyo ile inayojulikana zaidi, ambapo joto la ndani ya mwili hushuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi. Kwa mtu mzima, hali hii kwa kawaida huchukua nusu saa au zaidi, hata katika maji yaliyo baridi mno.

Hatua ya nne huwashangaza wengi. Mwathiriwa anaweza kuzimia au kufa wakati anapookolewa au muda mfupi baadaye, shinikizo la damu linaposhuka ghafla. Kwa hivyo waokoaji hufunzwa kumtoa majini akiwa amelala, inapowezekana, badala ya kumvuta wima.

Kwa rubani wa helikopta iliyopinduka, hatua ya kwanza ndiyo hatari kuu. Katika maji baridi watu wengi hawawezi kuziba pumzi hata kwa sekunde 20, ilhali kujifungua mkanda, kutafuta mlango na kutoka kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Vazi lisilopitisha maji

Jibu la kwanza ni suti ya kuzuia maji. Vazi hili hufunika mwili kuanzia miguuni hadi shingoni. Hushonwa kwa kitambaa kinachozuia maji kuingia lakini huruhusu mvuke wa jasho kutoka. Penye viganja na shingo kuna mikanda ya mpira inayobana, na zipu yake huziba kabisa.

Suti yenyewe haileti joto. Kazi yake ni kumweka mvaaji akiwa mkavu ili nguo za sufu au pamba nzito zilizo ndani ziendelee kushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokinga baridi. Maji hupora joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyo na ubaridi sawa. Kwa hivyo tundu dogo au zipu isiyofungwa hadi mwisho hupunguza manufaa ya vazi zima.

Suti ya rubani hukatwa tofauti na ya abiria. Ni sharti imruhusu kugeuza shingo, kunyoosha mikono hadi kwenye swichi za juu na kukanyaga pedali bila kizuizi. Glavu huwekwa mfukoni, maana hawezi kurusha ndege akiwa nazo ikiwa ni nene, lakini atazihitaji akishafika majini.

Vazi hili lina madhara yake pia. Hewa ikibaki ndani, humfanya mvaaji aelee. Ndani ya helikopta iliyopinduka, hali hiyo humsukuma kuelekea sakafu, ambayo sasa iko juu, na kumzuia kuufikia mlango. Ndiyo sababu wavaaji hufunzwa kuchuchumaa na kuachia hewa itoke shingoni kabla ya kupanda.

Jambo la pili ni joto. Rubani aliyevaa suti hiyo kwenye jua kali hutoka jasho, huchoka na umakini wake hupungua. Kanuni za Ulaya kwa safari za helikopta za baharini zinawataka marubani kuvaa suti hiyo maji yanapokuwa chini ya nyuzi 10, au pale muda unaokadiriwa wa kuwafikia waokolewaji unapozidi muda ambao mtu anaweza kuishi majini. Penye maji yenye joto na waokoaji wa karibu, vazi hilo linaweza kuleta hatari kuliko kuiondoa.

Hewa ya dakika moja

Jibu la pili ni hewa. Mnamo Machi 12, 2009, helikopta aina ya Sikorsky S-92 iliyokuwa ikiwapeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta ilianguka baharini karibu na Newfoundland, Canada. Kati ya watu 18 waliokuwamo, 17 walikufa. Aliyenusurika alikaa zaidi ya saa moja katika maji yaliyokaribia kuganda kabla ya kuokolewa.

Wote walikuwa wamevaa suti. Kile ambacho hawakuwa nacho ni chupa ndogo ya hewa ya kupumulia chini ya maji. Baada ya ajali hiyo, mwaka uo huo, wafanyakazi wa visima hivyo walianza kupewa chupa hizo.

Nchini Uingereza, ajali ya Agosti 23, 2013 karibu na Sumburgh, visiwani Shetland, iliua watu 4 kati ya 18 baada ya helikopta kupinduka. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa ndege ya nchi hiyo ilitangaza masharti mapya. Miongoni mwayo ni kwamba abiria wasiwekwe mbali na dirisha la kutokea, isipokuwa wawe na kifaa cha hewa kinachoweza kutumika hata baada ya mtu kuzama.

Kifaa hicho ni mtungi mdogo unaofungwa kwenye jaketi, wenye mdomo wa kupumulia unaoweza kuvutwa kwa mkono mmoja. Hewa yake ni ya muda mfupi mno, na haikukusudiwa kumfanya mtu mpiga mbizi. Humpa nafasi ya kutulia, kutafuta mlango na kutoka.

Hata hivyo, nacho hudai mafunzo. Anayevuta hewa ya mtungi chini ya maji hapaswi kuziba pumzi anapopanda juu, maana hewa hiyo hutanuka na inaweza kupasua mapafu.

Jaketi na somo la Ngazija

Kifaa cha tatu, jaketi la kuokolea maisha, ndicho kinachojulikana zaidi na ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi. Ushahidi mzito wa jambo hilo haukutoka Ulaya bali katika mwambao wa Waswahili.

Mnamo Novemba 23, 1996, ndege ya shirika la Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilitekwa nyara. Mafuta yaliisha, na rubani Leul Abate akalazimika kuishusha baharini karibu na fuo za Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa.

Baadhi ya waliokufa walikuwa wamejaza majaketi yao upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi kwenye dari na kuwabana hapo, wasiweze kuzama kidogo ili kuufikia mlango. Kifaa kilichotengenezwa kuwaokoa ndicho kilichowazuia kutoka.

Ndiyo maana jaketi la ndege halijijazi lenyewe linapolowa, tofauti na baadhi ya yale yanayovaliwa katika mashua. Mvaaji huvuta kamba kwa mkono wake, na sheria ni moja: toka kwanza, kisha vuta.

Kwa rubani wa helikopta, jaketi linapaswa kuwa limevaliwa tangu kabla ya kuruka. Lililowekwa chini ya kiti halina faida kwa mtu ambaye mikono yake iko kwenye usukani na ambaye chombo chake kitapinduka mara tu kikigusa maji.

Katika mifuko ya jaketi hilo huwekwa taa, firimbi na kifaa kidogo kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti kupitia masafa ya 406 megahezi. Vifaa vya zamani vilivyotumia 121.5 megahezi pekee havisikilizwi tena na setilaiti tangu Februari 2009.

Maziwa yetu yana joto, lakini...

Je, haya yote yanamhusu vipi rubani anayeruka kutoka Kapseret?

Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa karibu nyuzi 25 muda mwingi wa mwaka, na ya Ziwa Turkana huwa na joto zaidi. Mshtuko wa baridi unaowaua watu Newfoundland si tishio kubwa hapa. Rubani wa huku hahitaji suti ya kuzuia maji, na akiivaa ataumia kwa joto.

Lakini maji yenye nyuzi 25 bado ni baridi kuliko mwili wenye nyuzi 37, na huendelea kupora joto lake polepole. Ndege ya shirika la Yemenia ilipoanguka karibu na Komoro mnamo Juni 30, 2009, watu 152 walikufa. Msichana wa miaka 12, Bahia Bakari, ndiye pekee aliyeokolewa, baada ya kushikilia kipande cha mabaki kwa saa nyingi. Licha ya kuwa katika bahari ya tropiki, alipatikana mwili wake ukiwa umepoa kupita kiasi.

Zaidi ya hayo, joto la maji halizuii helikopta kupinduka wala mtu kukosa hewa.

Wakenya walilishuhudia hilo mnamo Oktoba 21, 2017, helikopta iliyokuwa na watu 5 ilipoanguka katika Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina kina kirefu wala baridi ya kutisha, na liko karibu na mji mkubwa. Hata hivyo, hakuna aliyenusurika, na wapiga mbizi walitaabika kwa siku nyingi katika maji wasimoweza kuona kitu.

Miaka 5 baadaye, mnamo Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, Tanzania. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao kabla ya waokoaji rasmi, na watu 24 wakatoka hai. Kati ya 19 waliofariki walikuwamo marubani wote 2.

Ajali hiyo ilihusu ndege ya mabawa, lakini inafunza mambo 2 yanayomhusu kila arukaye juu ya ziwa. Kwanza, katika eneo hili mwokoaji wa kwanza huenda akawa mvuvi mwenye kasia, si helikopta ya uokoaji. Pili, umbali mfupi kutoka ufukweni si kinga kwa aliyenaswa ndani.

Kinachowezekana

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege, ICAO, ambazo nchi wanachama kama Kenya hutungia sheria zao, zinataka helikopta zinazovuka maji kwa umbali fulani kutoka nchi kavu ziwe na jaketi kwa kila aliyemo na, kulingana na aina ya helikopta na safari, maboya na boti za kujaza upepo. Kwa hivyo kuwepo kwa vifaa ni suala la sheria. Kuvijua ni suala la mazoezi.

Katika sekta ya mafuta ya baharini, hakuna anayepanda helikopta kabla ya kufunzwa ndani ya kibanda kinachotumbukizwa katika bwawa na kupinduliwa. Wanagenzi hufungwa mkanda, huzamishwa na kutakiwa kutoka kupitia dirishani. Cheti kinachotambuliwa zaidi katika sekta hiyo hudumu kwa miaka 4, kisha mhusika hurudia mafunzo.

Katika mafunzo hayo mwanagenzi huambiwa ashike ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja kabla ya maji kuingia, na asiuachilie. Mkono huo ndio dira yake gizani. Kisha asubiri mwendo wa chombo ukome, afungue mkanda kwa mkono wa pili na ajivute kuelekea ule mkono wa kwanza. Anayefungua mkanda mapema huelea ovyo ndani na kupoteza mwelekeo.

Abiria wa kawaida anaweza kujifunza sehemu ya haya bila gharama. Kabla ya helikopta kuinuka, aulize iwapo safari itapita juu ya maji, jaketi liko wapi na iwapo linaweza kuvaliwa papo hapo. Aitazame kabali au mpini wa mlango ulio karibu naye na aujue kwa kugusa, si kwa macho tu.

Naye rubani ana wajibu wa kuyaeleza hayo hata kama abiria wake ni kiongozi mwenye haraka au watalii wanaosherehekea. Maelezo hayo huchukua dakika 2, na nafasi ya kuyatoa ni ardhini pekee.

Suti za Bahari ya Kaskazini zitabaki kaskazini. Jaketi lililovaliwa kabla ya kuruka, mkono unaoujua mlango na kichwa kilichozoezwa kutulia gizani ni vifaa vya kila mahali palipo na maji, na kutoka Kapseret maji hayo hayako mbali.